Simu ya Ghorofani

Sajenti Rispa Ombok alipenda kujisifu kwamba tangu avae kofia ya polisi, hakuna uongo uliowahi kumpita mlangoni bila kumwamkia. Alilisema hilo mbele ya watu, mkono kiunoni, kisha akaongeza mwenyewe kabla hajaulizwa kwamba hahesabu ule wa mumewe, aliyemuaga akisema anakwenda Rongo kununua baiskeli, akarudi mwaka uliofuata, kwa miguu.

Alasiri ile hakujisifu kwa mtu. Alifika dukani kwa Kirit, muuza misumari na saruji wa Kisii mjini, akiwa peke yake na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, kwa sababu gari la kituo lilikuwa limewekwa juu ya mawe tangu Pasaka. Baraza ya duka aliikuta imejaa wanaume wenye rungu. Hawakuwa wanapiga kelele, na hilo ndilo lililomkausha mate. Sungusungu wakipiga kelele, bado wanajadiliana, wakinyamaza, wameshakubaliana. Walisimama migongo ukutani chini ya bati, wakiitazama mvua, na katikati yao, mahali pakavu kuliko pote, waliweka tairi kuukuu la lori na jerikeni iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

Mkubwa wao alikuwa Obwocha, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa akichoma matofali kule Nyakoe kabla ya kuingia katika hii kazi yake nyingine ya moto. Alimpisha Rispa njia, akamshikia mwavuli, akamsalimu kwa heshima zote za mtu anayejua kwamba leo yeye ndiye serikali.

"Madam," alisema, "tunakupa mvua hii. Ikikatika, tunatoka na Angwenyi."

Angwenyi alikuwa bawabu wa usiku wa duka hilo, mzee mkimya kutoka upande wa Nyamira. Alishtakiwa kuwasikilizia majambazi simu ya tajiri wake.

Shauri lenyewe lilianza kwa pumzi. Kwa muda sasa, kuna mtu alikuwa akipumua ndani ya simu ya Kirit. Mehul, mwanawe Kirit, ndiye aliyeisikia kwanza. Jioni, baada ya duka kufungwa, kompyuta yake ilipokatika ghafla katika kazi inayotumia laini ya simu, aliinua simu ya dukani ajue kuna nini, akasikia mtu anahema, na chini ya kuhema kulikuwa na mnong'ono, kama wa mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Halafu tak, simu ikawekwa. Mahali pengine watu wangecheka. Lakini muuza vitambaa wa mtaa uleule alikuwa amevamiwa na majambazi jioni ileile aliyomwambia ndugu yake kwa simu kwamba mlinzi wake ameenda matangani, na walimwacha na mkono usiofungua tena hata kitasa. Tangu hapo wenye maduka wote waliongea simuni kama watu walio karibu na maiti.

Na asubuhi hii neno lilitoka kwamba mnong'onaji ni Angwenyi. Sungusungu walimpekua, wakatoa ndani ya koti lake kipande cha waya wa simu. Kwa watu wenye tairi, ushahidi ukawa umetimia.

Rispa alianzia stoo, walikomweka mzee. Alikuwa amekaa juu ya mifuko ya saruji, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, jicho moja limevimba hata likaziba. Alipoona kofia ya polisi alijaribu kusimama, akashindwa, akaomba radhi kwa kushindwa.

Rispa aliuliza waya ulikuwa wa nini. Angwenyi alieleza, akimeza mate kila baada ya maneno mawili, kwamba mafuko wanamalizia mke wake viazi huko nyumbani, kwamba Mehul aliutupa waya huo kwenye takataka, na yeye akauokota awategee. Rispa aliuchukua kwa Obwocha, aliyemfuata huko akiwa ameushika, akaugeuza kwenye mwanga. Ncha moja ilikuwa imekunjwa kitanzi. Ndani ya kitanzi kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka na manyoya machache, laini, ya kijivu.

"Kitanzi hiki kimekaba koo la fuko," alimwambia Obwocha.

Obwocha aliyatazama manyoya. "Mtu wa kutega mafuko hawezi kuwa pia mtu wa majambazi?"

Rispa alikubali moyoni kwamba anaweza. Akauliza ni nani aliyeleta habari za Angwenyi. Obwocha alijibu kwamba ni mtu asiyesema uongo. Rispa akauliza kama mtu huyo ana jina.

"Anayeripoti kwetu hatajwi, madam. Hata nyinyi polisi mna wenu."

Juu ya stoo mvua ilipiga mabati kwa nguvu, na Rispa, kwa mara ya kwanza tangu ahamishiwe Kisii kutoka kwao ziwani, aliiombea mvua maisha marefu.

Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa cha Mehul. Huko alichapia watu barua za kuomba kazi na kadi za harusi, na huko ndiko ilikokaa kompyuta. Rispa alimwambia amweleze mambo yote kama anayemwelezea shangazi yake asiyevaa miwani. Mehul alikuwa mwembamba, mwenye kucha zilizotafunwa, na leo alikuwa ameanza kutafuna ngozi.

Alieleza. Kulikuwa na chuo kimoja ng'ambo kilichokuwa kinapiga hesabu za mvua ya dunia nzima, hesabu nyingi mno kwa mashine moja, kwa hiyo kikaomba watu wa nchi zote wajitolee kompyuta zao. Mashine kuu ya chuo, ile inayoitwa seva, iligawa kazi kama nyapara wa shamba la majani chai anavyowagawia wachumaji mistari: wewe shika huu, ukimaliza lete, nikupe mwingine. Kompyuta ya Mehul ilichuma usiku kucha. Jioni iliita seva kwa laini ya simu, ikapeleka ilichomaliza, ikachukua kingine.

"Wanakulipa nini?" Rispa aliuliza.

"Hakuna malipo, madam. Ni kujitolea."

Rispa alimgeukia Kirit, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkono juu ya kifua. Kirit alikuwa mnene, mpole, mwenye ugonjwa wa moyo alioutunza kama mtoto wa mwisho.

"Hata mimi nimeuliza hivyo hivyo," Kirit alisema. "Mvua ya Kisii mtu anahesabu ya nini? Toa kichwa nje, utaona iko."

Sasa, Mehul aliendelea, seva ilikuwa haishikiki. Laini ilikubali, vitaa vikawaka, kazi ikaanza kupanda, kisha kila kitu kikazimika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ilikuwa jioni kwa jioni. Kwanza alimshuku mwenye seva. Aliwaandikia, na wao wakajibu kwamba kweli seva ilikuwa imeugua, lakini imepona na wajitoleaji wengine wote wanaingia bila taabu. Akashuku mashine yake. Akaifunga kwa blanketi, akaibeba hadi Nyakoe kwa binamu yake Aakash, akaichomeka kwenye simu ya huko, ikakaa imeshikana na seva mpaka Aakash akaanza kuzima taa ili mgeni aelewe. Basi mashine ni nzima. Akashuku laini. Fundi wa simu akaja, akapanda nguzo ya nje, akapima waya kutoka pale mpaka ofisini kwao, akashuka akisema ni safi.

Rispa aliona kwamba kijana huyu ameshafanya upelelezi mzuri bila mshahara, kama ilivyo tabia yake ya kujitolea. Aliyahesabu mambo hayo kwa vidole mbele ya macho yao. Seva haina kosa, mashine haina kosa, waya mpaka nguzoni hauna kosa.

"Kilichobaki ni kutoka nguzoni mpaka hapa," alisema. "Yaani humu ndani."

Kirit alivuta mlango wa chumba taratibu, akaufunga, kisha akautazama kama aliyejifungia pamoja na nyoka.

Pembeni mwa kompyuta kulikuwa na kijisanduku cheusi chenye vitaa vyekundu. Rispa aliuliza ni nini. Mehul alisema ni modemu, ndiyo inayoongea na simu. Rispa alishangaa kitu kinachoongea kinakaa kimya hivyo. Mehul alimtazama babake, akasema kwamba modemu za namna hiyo zina kelele mbaya zikitafuta njia. Hii ilimlilia Nairobi alikoinunua. Kwa sababu ya moyo wa babake, alikata waya wa spika yake kabla ya kuipandisha basi. Haijawahi kutoa sauti katika nyumba hii.

"Ikilia, naitupa nje," Kirit alisema. "Daktari amekataza kelele."

Rispa alimwambia Mehul aiamuru iite seva akisikia kisigino cha sajenti kimegonga sakafu mara moja, popote waya utakapompeleka. Kisha akatoka kuufuata waya.

Waya wa simu uliingia kwa tundu la juu ya mlango, ukashuka hadi simu ya dukani, ukapita ukutani mpaka kwa Mehul. Hayo kila mtu aliyajua. Lakini Rispa alikuwa amelelewa na nyanya aliyefuga kuku wengi na majirani wengi, na tangu utotoni alizoea kutafuta njia ya pili ya kutokea. Aliupitisha mkono kwenye ukuta wa ngazi ya kwenda juu walikoishi wenye nyumba. Chini ya rangi ya kijani, iliyopakwa na kupakwa tena, kidole chake kiliukuta mshipa. Kulikuwa na waya mwingine, uliofunikwa rangi hata ukawa mwili mmoja na ukuta.

"Huu unakwenda wapi?"

Kirit alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Hiyo ni simu ya marehemu babake, alisema, iko ghorofani, imekufa kwa sababu imefungwa. Zamani mfanyakazi mmoja alipiga nayo Mombasa mchana mzima, ndipo ikatiwa kufuli. Ufunguo anao mkewe Nayna, na Nayna yuko Kisumu kwenye harusi ya mpwa wake, ameondoka nao kiunoni. Hakuna mtu awezaye kuitumia.

"Imefungwa wapi?" Rispa aliuliza.

"Kwa namba. Kidole hakipiti."

Rispa alipanda. Juu kulikuwa na ukumbi mwembamba wenye harufu ya bizari na mafuta ya taa, na mwisho wake mlango wa jiko. Nje ya mlango huo, juu ya kijimeza chenye kitambaa cha kufuma, ilikaa simu nyeusi, nzito, yenye kijikufuli cha shaba kilichopenyezwa katika tundu la namba. Ndani ya jiko, Bathsheba, mpishi wa nyumba hiyo, alikuwa ameinamia ungo akichambua mawe kwenye dengu na kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya puani. Rispa alimwamkia kwa kumwita omong'ina, kama Wakisii wanavyomheshimu mwanamke mzee. Bathsheba aliitikia bila kuinua macho kwenye ungo.

Rispa aliinama juu ya simu. Kufuli ilikuwa na vumbi. Matundu ya namba yalikuwa na vumbi. Mkono wa simu ulikuwa unang'aa.

Akagonga sakafu kwa kisigino.

Kwa kitambo kulikuwa na mvua tu. Kisha simu iliyokufa ikasema ting. Ikanyamaza. Ting, ting, kwa unyonge, kama mtu anayegusa kikombe kwa kijiko katika chumba cha mgonjwa. Kila namba aliyopiga Mehul huko chini ilitikisa kengele ya huku juu. Jikoni wimbo ulikatika. Rispa aligeuza jicho bila kugeuza kichwa: mikono ya Bathsheba ilikuwa imekwama ndani ya dengu. Hakuuliza ni nini kilicholia. Alikuwa amefumba macho.

Rispa aliinua mkono wa simu.

Kitu kilimpigia ukelele sikioni, ukelele mwembamba wa mnyama anayeburutwa kwa mguu, kikakwaruza, kikapanda, kikashuka, kisha kikageuka mchemko, kana kwamba mvua yote ya milima hii ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku na inatafuta tundu la kutokea. Rispa Ombok alikuwa ametoa maiti mitoni kwa mikono yake. Hata hivyo alisikia pumzi yake mwenyewe ikiingia katika simu, haa, haa. Ghafla kile kitu kikanyamaza. Ukabaki mngurumo wa mbali, wa sauti moja.

"Imekatika," Mehul aliita kutoka chini.

Rispa aliirudisha simu mahali pake. Tak. Kufuli ile ilikuwa imezuia vidole tu. Sikio halikuwahi kuzuiwa na kufuli. Aliyekuwa akiinua simu hii jioni ndiye aliyekuwa akiikata kompyuta ya Mehul, bila shaka pasipo kujua kompyuta ni nini. Rispa hakumwambia mtu yeyote alichokisikia. Alijifuta jasho la sikio, akashuka.

Kirit alipoelezwa, alikaa palepale kwenye ngazi. Miezi yote hiyo aliogopa barabara, kumbe sikio lilikuwa mezani pa marehemu babake. Rispa alimuuliza ni nani huwa juu saa za jioni. Kirit alihesabu kwa shida. Yeye mwenyewe. Bathsheba, mpaka amalize kuosha vyombo. Na Angwenyi.

"Angwenyi anapanda kufanya nini?"

"Chai yake. Kila jioni anakuja mlango ya jiko kuchukua chai na mkate. Anapita hapo hapo kwa simu." Kirit alijishika kifua. "Kumbe Bathsheba alisema kweli. Alimwona ameshika simu. Mimi nilifikiri mama mzee ameona vibaya."

"Bathsheba ndiye aliyekuambia?"

"Mimi asubuhi. Na kijana yake pia."

"Kijana yake nani?"

Kirit alielekeza kidevu barazani. "Si huyo. Obwocha. Ni mama yake."

Katika nyumba yenye watu wengi barazani, habari haingoji kutumwa. Mmoja wa sungusungu alikuwa ameegemea mlango, na kabla Rispa hajafika chini alisikia neno likipita baraza yote kutoka mdomo hadi mdomo: simu ya juu imepatikana, na mzee hupita hapo kila jioni. Mtu aliondoa gunzi kwenye jerikeni, akanusa, akalirudisha. Obwocha alimshukuru Rispa kwa unyenyekevu. Alisema polisi imewasaidia sana leo.

Rispa alikuwa amekuja kumtoa mzee shimoni, naye amelichimba likaenda chini zaidi. Na bati la baraza lilikuwa limeanza kubadili sauti: kelele ilikuwa imepungua, sasa ungeweza kusikia tone na tone.

Alirudi stoo upesi, akachuchumaa mbele ya Angwenyi, akamuuliza swali moja tu: mashine ya Mehul ikifanya kazi, inaliaje?

Mzee alitazama kwa jicho lake moja kulia, kushoto, akitafuta jibu ambalo lingewapendeza. "Hailii, madam. Mimi huona taa tu zinawaka dirishani, hufikiri imelala." Kisha akaanza kulia bila sauti. "Leo kila mtu ananiuliza hiyo mashine inasema nini. Niambieni mnataka niseme nini, nitasema."

Rispa alisimama. Barazani alimwendea Obwocha, akamwambia kwa sauti ya kusikiwa na wawili kwamba alitaka jina la mnong'onaji, na atapewa, lakini atalisikia yeye peke yake, juu, kwa masikio yake. Avue gambuti, na akifika asifungue mdomo. Obwocha aliitazama mvua, akapima. Akavua gambuti. Rungu hakuliacha.

Jikoni Rispa alivuta kigoda, akakaa ng'ambo ya ungo, akaanza kuchambua dengu pamoja na Bathsheba, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo husahau kujilinda. Obwocha alibaki kizingitini. Alimwamkia mama yake kwa kumwita Baba, kama Wakisii wanavyowaita mama zao, na bikizee akamjibu kwa upole, akaliangalia rungu, akarudisha macho kwenye ungo.

Rispa aliuliza kama ni kweli alimwona Angwenyi na simu. Bathsheba alisema alimwona, ameikumbatia, ananong'ona. Alinong'ona nini? Hilo hakusikia, mambo ya majambazi. Na yeye mwenyewe, hata siku moja, hata kwa kupangusa vumbi, hajawahi kuishika?

"Mimi?" Bathsheba alisema. "Simu ya watu, tena imefungwa? Mimi ni mtu wa jiko. Sijawahi kuigusa."

Rispa alitoa jiwe kwenye dengu, akaliweka kando. Kisha akasema kwamba yeye, ingawa amevaa kofia hii, anaiogopa mashine ya Mehul. Mehul haogopi kwa sababu anajua jina la kila waya. Lakini mtu mwingine, aliye peke yake jioni, anawezaje kukaa nyumba moja na kitu kama kile?

Ilikuwa kweli, na labda ndiyo sababu ilipenya. Bathsheba alisogeza kichwa karibu. Sauti yake ikawa mnong'ono.

"Mehul ni mtoto mzuri," alisema, "lakini kitu alileta hapa si cha watoto wazuri. Kinalia kama nguruwe anavutwa mguu kwenda kuchinjwa. Halafu kinachemka, kama mafuta yameingia maji. Ni pepo hiyo, mwanangu, mimi nakuambia. Lakini ukiikemea kwa jina la Yesu inanyamaza. Hapo hapo. Inabaki inanguruma kwa mbali, imefungwa."

"Kila ukiikemea?"

"Kila mara," Bathsheba alisema, na kwa nukta moja uso wake uling'aa kwa fahari ya mtu aliyeilinda nyumba nzima bila mwenye nyumba kujua.

Rispa aliacha dengu.

"Omong'ina, ile mashine haina sauti. Mehul aliikata mdomo kabla haijafika Kisii. Kirit hajawahi kuisikia ikilia, na hapo chini hakuna aliyewahi. Mimi nimeisikia leo kwa sababu niliinua simu hiyo yenye kufuli. Hakuna njia nyingine ila kuinua simu mashine ikiita. Sasa nani alikuambia inalia kama nguruwe?"

Dengu ziliendelea kuanguka kutoka vidoleni mwa Bathsheba, moja moja, hadi zikaisha. Fahari ilikuwa imeondoka. Alimtazama mwanawe, hakumtazama usoni, alitazama mkononi. Alijua rungu lile hufanya nini kwa vikongwe wanaoitwa wachawi kwa kusikiwa wakinong'ona peke yao gizani. Yeye ndiye aliyekuwa akimfulia mashati baada ya kazi.

"Angwenyi," alisema. "Angwenyi ndiye aliniambia. Aliisikia yeye, akanihadithia hapa mlangoni, siku ya chai."

Rispa aligeukia kizingitini.

Obwocha alikuwa amekishika kitako cha rungu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu cha mwenyewe asijue akiweke wapi. Alipofungua mdomo, sauti ilimtoka ndogo.

"Baba," alisema, "tangu asubuhi nampiga Angwenyi, namuuliza hiyo mashine inasema nini. Hakujua."

Bathsheba alikuwa ameinua kichwa kidogo, ameelekeza sikio barazani, ambako mvua ilikuwa imekatika.